Je, wajua kila jicho lako lina mahali lisipoona?

Nyoosha mikono yote miwili mbele yako, vidole gumba vikiwa juu na vimegusana. Fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia ukodolee ukucha wa gumba la kushoto, usiuache. Sasa sogeza gumba la kulia taratibu kwenda kulia, kwenye usawa uleule. Likifika kama sentimeta 15 kutoka kwa mwenzake, ncha yake itatoweka. Ukisogeza zaidi, itarudi. Ukikosa mara ya kwanza, rudia. Wengi hukosea kwa kuliacha jicho lifuate kidole kinachotembea.

Mimi nilijaribu nikiwa nimekaa uani, na nyuma ya kidole kulikuwa na kanga nyekundu imeanikwa. Ncha ya kidole ilipopotea sikuona shimo wala giza. Niliona wekundu wa kanga umetanda mahali palepale kidole kilipokuwa. Nilirudia mara nne au tano. Kwamba kidole kimepotea si ajabu sana, ila ule wekundu ulitoka wapi?

Tuanze na kidole. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna utando mwembamba uitwao retina, wenye chembe zinazopokea mwanga. Nyuzi zinazobeba habari kutoka kwenye chembe hizo zimelala juu yake, upande ule unaoingilia mwanga. Ili zifike kwenye ubongo, nyuzi hizo zipatazo milioni 1 hukusanyika na kutokea mahali pamoja, na hapo hapana nafasi ya chembe hata moja ya kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte aligundua doa hilo katika miaka ya 1660. Pweza hana shida hii, kwa sababu nyuzi zake zimepita nyuma ya chembe za mwanga.

Na ule wekundu? Ubongo uliuangalia uliokuwa pembeni pande zote, ukaamua kwamba na hapa katikati pako vivyo hivyo. Haukukuomba ruhusa wala haukukuambia kwamba ni makisio.

Tukumbuke ubongo unakaa wapi. Umefungiwa ndani ya fuvu, gizani, na hakuna mwanga wala sauti inayoufikia. Kinachoufikia ni mipigo midogo ya umeme kwenye nyuzi za fahamu, na kwa mipigo hiyo lazima useme nje kuna nini. Hata hiyo mipigo haujikalii tu ukiisubiri. Habari za macho hupitia kwanza kituo kilicho katikati ya ubongo, kiitwacho thalamasi, na kwenye kituo hicho nyuzi zinazoteremka kutoka gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, ni nyingi kuliko zinazotoka machoni. Ubongo hutuma makisio yake kwenda kukutana na habari zinazoingia, na macho husaidia kuyasahihisha.

Wazo hili lina mizizi mirefu. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kuishi Cairo, aliandika Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 11. Humo alieleza kwamba mwanga huingia jichoni kutoka kwenye vitu, na kwamba sehemu kubwa ya kuona ni hukumu inayopita upesi mno hata mwenyewe hajui kama amehukumu. Mjerumani Hermann von Helmholtz alikuja kusema jambo la namna hiyo katika karne ya 19.

Ibn al-Haytham alishughulika pia na swali la mwezi. Mwezi mpevu ukichomoza baharini, ukiutazama kutoka ufukweni Bagamoyo au Lamu, huonekana mkubwa kama sinia. Ukifika utosini umekuwa kisahani. Chukua punje ya mbaazi kavu, ishike kwa vidole viwili, nyoosha mkono, fumba jicho moja. Punje hiyo inaufunika mwezi wote ukiwa chini, na inaufunika vilevile ukiwa juu. Jichoni haukubadilika. Yeye alisema tunauhukumu kuwa mbali zaidi unapokuwa upeoni, ndiyo maana tunaukuza. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu maelezo kamili, lakini hakuna anayebisha kwamba ukubwa ule umetengenezwa kichwani.

Masikio nayo ni hivyo hivyo. Fungua redio ya lugha usiyoijua, utasikia watu wanasema mfululizo bila kupumua. Kumbe nasi tunasema hivyo hivyo. Katika sauti yenyewe hakuna nafasi kati ya neno na neno. Ubongo wako ndio unaoipasua, kwa kuwa maneno unayajua tayari.

Na wapo wanaochekwa kwa sababu "kura" na "kula" kwao ni kitu kimoja. Kicheko hicho kinaniudhi. Mwaka 2006 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wachanga wa Marekani na wa Japani. Wakiwa na miezi 6 hadi 8, wote walitofautisha r na l kwa kiwango kilekile. Wakiwa na miezi 10 hadi 12, wale wa Marekani walikuwa wameongeza uhodari na wale wa Japani umewapungua, kwa sababu lugha yao haitenganishi sauti hizo. Mtu aliyelelewa katika lugha ya namna hiyo, hata hapa kwetu, si mvivu wa ulimi. Sauti mbili zinamfikia sikioni, na ubongo wake unazitia kapu moja kama ulivyofunzwa kabla hajaanza kutembea.

Kuna wakati makisio haya hukosa wa kuyasahihisha. Bibi yangu, mtoto wa jicho alipokuwa amemfunika karibu macho yote mawili, alianza kuona watoto wamesimama mlangoni. Hawakuwa wakisema kitu. "Hao watoto mbona hawaingii?" aliniuliza siku moja, kisha akanishika mkono akaniomba nisimwambie mtu. Aliogopa tutasema amepagawa, au akili imemtoka.

Hali hii inajulikana tangu mwaka 1760, mwanasayansi Charles Bonnet wa Geneva alipoandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa karibu miaka 90 ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Aliona watu, ndege, magari ya farasi, majengo, na akili zake zilikuwa timamu. Huwapata watu waliopungukiwa sana na uwezo wa kuona, kwa mtoto wa jicho, presha ya macho au maradhi ya retina. Picha hizo kwa kawaida hazina sauti, na mgonjwa akielezwa huelewa kwamba si za kweli. Mtu akisikia na sauti, au akiwa amechanganyikiwa au ana homa, hilo ni jingine na lahitaji hospitali haraka.

Bibi tulimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari alimuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama kuna vitu anaviona ambavyo wengine hawavioni. Bibi alinyamaza kwanza. Halafu akaanza kumhesabia wale watoto, mmoja mmoja, na nguo walizovaa.