Kutyuni kinanda si kukitengeneza

Machi iliyopita nilipigiwa simu kutoka usharika mmoja wa Tukuyu. "Mwalimu, njoo ututyunie piano, vibao sita vikibonyezwa havirudi juu." Nikaenda na spana yangu na kabari zangu za mpira, na kumbe kilichohitajika ni koleo. Mwezi huohuo, huku Mbeya mjini, mwenzetu wa kwaya alisema kinanda chao cha umeme "kimetoka tyuni" kwa sababu spika moja inakwaruza. Hapo nikaona niandike.

Kutyuni ni kukaza au kulegeza nyuzi mpaka kila sauti ifike mahali pake na zote zipatane. Basi. Kibao kinachokwama, nyundo iliyolika na kanyagio linalolia ni habari ya matengenezo.

Neno lenyewe, tune la Kiingereza, linasema hivyo. Waingereza walilipata kwenye Kigiriki kupitia Kilatini: tonos, yaani mvuto, kule kuvutwa kwa uzi hadi ukakaza. Wajerumani, ambao wamisionari wao wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, husema stimmen, kutokana na Stimme, sauti ya mtu. Mmoja anataja uzi, mwingine anataja sauti, na hakuna anayetaja ubovu.

Na sisi je? Neno kinanda, kabla halijapanda huku milimani, lilikuwa jina la chombo cha nyuzi cha watu wa pwani, cha kukwanyua kwa vidole. Aliyekipiga alikaza nyuzi zake mwenyewe kabla ya kuanza, na hakuna aliyedhani anatengeneza kitu kilichoharibika. Baadaye jina likahamia kwenye harmoniamu, kisha piano, na leo ukisema kinanda kanisani watu wanawaza kile cha umeme. Nadhani mkanganyiko ulianzia hapo. Kinanda cha umeme hakina uzi hata mmoja. Kikizingua, ama kuna kitu kimeharibika, ama mtu amebonyeza kitufe bila kujua. Aliyekulia kwenye hicho akikutana na piano anaiona kwa jicho lilelile.

Piano ni kitu kingine. Ina nyuzi za waya zaidi ya 200, kwa sababu sauti nyingi zina nyuzi tatu kila moja, na mvuto wa zote kwa pamoja unapita tani 15. Unapotyuni, unachomeka kabari kuzinyamazisha nyuzi mbili, unaiweka ya tatu sawa, kisha unaiachia jirani yake. Zisipopatana utasikia wau-wau-wau. Unavuta spana kidogo sana, wau hiyo inapunguza mwendo, inakuwa wau… wau…, halafu inatoweka na nyuzi mbili zinakuwa sauti moja. Sijawahi kuichoka dakika hiyo.

Piano nzima kabisa, isiyo na kasoro, hutoka tyuni. Mvua zikianza Novemba, ubao wa sauti ulio nyuma ya nyuzi hunywa unyevu, hutuna na kuzisukuma, nazo hupanda. Ikifika Juni na Julai, kipupwe kikavu kikivuma, ubao hunywea na sauti hushuka. Tena hazipandi wala kushuka kwa kiasi kimoja. Za katikati huhama zaidi, ndiyo maana kwaya inasikia uchachu. Hakuna kilichovunjika. Ni majira tu.

Vile vibao sita vya Tukuyu navyo viliponzwa na mvua hiyohiyo, lakini kwa njia nyingine. Kila kibao kina tundu lililotandikwa kitambaa cha sufu, na ndani yake hupita pini ya chuma. Sufu ilivimba ikaikumbatia pini. Nilivitoa, nikakibana kitambaa polepole kwa koleo, vikarudi kuchezacheza. Nyuzi sikuzigusa siku hiyo.

Kilichoniuma ni nilichokiona nilipofunua juu. Kabla yangu aliitwa mtu, akaambiwa "tyuni imekaza", naye akamimina mafuta ya cherehani kwenye pini zinazoshika nyuzi. Pini hizo hushikiliwa na msuguano tu ndani ya mbao. Mbao ikishanywa mafuta, unakaza leo, kesho uzi umelegea. Nyuzi 11 za piano ile sasa hazikai.

Kwa hiyo wapendwa, mkipiga simu, niambieni tu mnachokisikia au mnachokiona: "sauti hazipatani", au "vibao vinakwama". Nikisikia la kwanza nitabeba spana na kabari. Nikisikia la pili, koleo na gundi. Na kile cha umeme chenye spika inayokwaruza, mpelekeeni fundi redio.