Mipaka imefunguka, homa usiifiche

Mei 2020, kwa sababu ya korona, Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikabakiza malori ya mizigo. Uganda na Rwanda zilikuwa zimeshafunga ya kwao tangu Machi mwaka huo, na Rwanda haikuifungua mipaka ya ardhini hadi 7 Machi 2022. Sasa mipaka ya Sirari (Kenya), Mutukula (Uganda) na Rusumo (Rwanda) inapitika, hapa Mwanza mabasi yanajaa stendi za Nyegezi na Nyamhongolo, na soko la Mwaloni Kirumba wanunuzi wa dagaa kutoka Rwanda, Burundi na Kongo wamerudi kupatana bei. Biashara iendelee. Ila sisi tunaopokea wagonjwa kuna tabia moja tunaiona kila wiki na tumechoka nayo: msafiri kuificha homa na kuitibu kwa kukisia. Maswali haya ndiyo tunayoulizwa.

Homa ni nini?

Joto la kwapani likifika nyuzi 37.5 au zaidi, una homa. Homa ni dalili tu, ugonjwa wenyewe uko nyuma yake. Kuishusha si kuutibu.

Daktari, nina homa na kesho napita Mutukula. Nikimeza panadol mbili, kile kibunduki cha kupima joto hakitanikamata, au siyo?

Huenda kisikukamate, na hapo ndipo unapojiponza. Panadol inashusha joto kwa saa nne hadi sita hivi. Unapita, unakaa ndani ya basi, joto linapanda ukiwa katikati ya Muleba na Biharamulo usiku, na jirani yako wa kiti hajui amekaa na nani. Yule aliyeshika kibunduki hayuko pale kukunyima safari. Anatafuta mtu wa kumpima mapema. Ukimdanganya yeye umejidanganya mwenyewe.

Kama una homa, pima kabla ya kupanda gari. Nauli iliyopotea inatafutwa tena.

Nimerudi kutoka Kampala, mwili unauma, nasikia baridi. Si malaria tu? Nimeizoea.

Hili ndilo swali, na jibu langu halibadiliki: hujui kama ni malaria mpaka upimwe. Malaria, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) na taifodi ni majina matatu ambayo kila homa ya Mwanza hubandikwa kabla hata ya kipimajoto kutolewa. Mtu anapita duka la dawa, anasema "nipe mseto", yaani dawa ya malaria, anameza, anasubiri. Siku ya pili anaongeza diklopa, dawa ya maumivu. Siku ya tatu anachomwa sindano na mtu wa mtaani kwao. Siku ya nne au ya tano ndugu wanamleta kwa bajaji, macho ya njano, haongei vizuri, mkojo mweusi kama kokakola.

Ukiuliza kwa nini hakuja mapema, mkewe anafungua mkoba na kutoa pakiti ya mseto. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Ndani vimebaki 16. "Alipata nafuu, tukawawekea watoto." Jamani! Nafuu ya siku moja siyo kupona, na vidonge vya baba siyo dozi ya mtoto.

Na hata ikiwa kweli ni malaria, ile kali inaweza kuua ndani ya siku moja au mbili tangu inapochachamaa, na wakati huo haihitaji vidonge tena, inahitaji sindano ya artesunate ukiwa umelazwa. Kwa hiyo "ni malaria tu" siyo maneno ya kumtuliza mtu. Kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni na kusubiri kama dakika ishirini. Homa baada ya safari: pima siku hiyo hiyo. Siyo kesho, siyo Jumatatu, siyo baada ya kuuza mzigo.

Kipimo kimesema sina malaria. Basi ninywe panadol nipumzike?

Hapana. Kipimo kimesema tu ugonjwa siyo malaria. Homa bado unayo, na sababu yake haijajulikana. Hapo ndipo unapotakiwa kusema bila kuulizwa: "Nimetoka safari, nilikuwa sehemu fulani, nilirudi siku fulani." Wengi mnaficha. Mnaogopa mtazuiliwa, au mlipita njia ya panya na hamtaki kuitaja. Sisi siyo uhamiaji. Pasipoti yako hatuihitaji, tunahitaji kujua ulikotoka.

Mkianza habari za Marburg na Ebola mnatutisha wafanyabiashara.

Hatuwatishi. Marburg imetokea Kagera mara mbili: Bukoba Vijijini mwaka 2023, na Biharamulo mwaka 2025, wilaya ambayo basi la Mutukula linaikatiza kuja huku kwetu. Uganda ilitangaza Ebola Septemba 2022. Milipuko yote hiyo ilizimwa, na ilizimwa kwa sababu wagonjwa walitafutwa na waliokutana nao wakafuatiliwa. Magonjwa haya hayaambukizi kabla dalili hazijaanza. Yanaenea kwa damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mgonjwa, na kwa kuosha maiti. Yanaanza vipi? Kwa homa, kichwa na mwili kuuma, yaani kama malaria yako uliyoizoea. Ndiyo maana sikubali uitibu kwa kukisia. Na hiyo diklopa iache kabisa ukiwa na homa isiyojulikana, maana kama ugonjwa ni wa kutoa damu, inazidisha.

Nikae macho kwa siku ngapi baada ya kurudi?

Kipindupindu hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku tano. Marburg na Ebola, siku 2 hadi 21. Malaria kwa kawaida wiki moja hadi mwezi. Kwa hiyo homa ya wiki ya tatu bado ni homa ya safari. Itaje.

Nimeharisha maji matupu tangu Sirari.

Anza ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, sasa hivi, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, uendelee kunywa hata ukitapika, huku unakuja kituoni. Soda haifai.

Kadi ya manjano ya zamani imeisha muda?

Haijaisha. Tangu Julai 2016 chanjo moja ya homa ya manjano inatambuliwa kwa maisha yako yote, hata kama kadi imeandikwa miaka kumi. Ila inaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya kuchanjwa, hivyo msije asubuhi mkitaka kusafiri jioni. Na wanaonunua kadi bila kuchomwa chanjo: mnanunua karatasi. Mbu hasomi.

Mtoto au mjamzito akipata homa?

Msisubiri hata usiku upite. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya, akitapika kila anachopewa au akilegea, mleteni muda huo huo. Mjamzito asinunuliwe dawa yoyote dukani kwa kukisia.

Mimi ni konda. Abiria akizidiwa njiani nifanye nini?

Usimmezeshe dawa za abiria wenzake. Mhamishie kiti cha peke yake, karibu na dirisha lililo wazi. Akitapika au akitoka damu, usipanguse kwa mikono mitupu wala kwa kitambaa chako, wazuie watu wasikanyage. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, useme mlikotoka na mlipofikia, watakuelekeza. Dereva asimame kituo cha afya kilicho karibu, Muleba, Biharamulo, Geita, popote mlipo. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea foleni ya kivuko, basi msilitumie kama sababu ya kusema "tutafika Mwanza sasa hivi". Andika jina na namba ya simu ya kila aliyekaa jirani naye kabla hawajashuka, kwa sababu wakishuka hutawapata tena.