Kaka, Oktoba usiniamshe saa kumi alfajiri

Wiki iliyopita nimepigiwa tena. Jamaa wa nyumbani, anaishi Seattle, anakuja huku kwangu Montana siku tatu kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa flai, yaani ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi kuiga mdudu, na neno la kwanza baada ya salamu ni "kaka, tuwe mtoni saa kumi na moja alfajiri, si ndo samaki wanakula?" Huyo ni wa nne mwezi huu. Naelewa inapotoka, mimi mwenyewe nimekulia pwani nikiona ngalawa zinatoka gizani, ila wazee wetu wanatoka mapema ili upepo wa umande uwasukume nje, baadaye ule wa baharini uwarudishe. Huku milimani hakuna tanga wala umande, kuna maji na joto lake, basi.

Trauti ana damu baridi, joto la mwili wake ni lile lile la maji aliyomo. Maji yakiwa nyuzi 10 hadi 16 anakula vizuri kweli. Yakishuka kwenye 5 au 6 anakuwa mzito, analala chini kabisa kwenye maji ya pole, na chakula kikipita hatua moja pembeni yake hakifuati. Yakipanda kupita 20 hiyo ni shida nyingine, maana maji yenye joto hayashiki oksijeni ya kutosha, samaki uliyemvuta dakika tano unaweza kumwachia ukamwona anaondoka vizuri kumbe anakwenda kufia nyuma ya jiwe.

Ndo maana Agosti alfajiri ni sahihi, tena sahihi mno. Mto umepoa usiku kucha, samaki wako macho, na mchana unaacha. Jimbo la Montana lina masharti ambayo watu wanayaita Hoot Owl, maji yakifika Fahrenheit 73, yaani kama Celsius 23, siku tatu mfululizo, mto unaweza kufungwa kwa wavuvi kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Agosti ukija saa kumi na moja utanikuta nimeshafunga flai. Kosa linazaliwa hapo hapo, mtu anajifunza kiangazi, anaambiwa "wahi", anakariri, halafu anaibeba kanuni yake mpaka Oktoba bila kuingiza mkono majini ajue kumebadilika nini.

Jamani nunueni kipimajoto. Ni kitu kidogo, na kinakwambia mengi kuliko mimi. Mwaka jana mwanzoni mwa Oktoba nilikuwa na mgeni mmoja kwenye mto Gallatin, akasisitiza twende alfajiri, nikamkubalia kwa sababu likizo ni yake. Hewa ilikuwa chini ya sifuri. Saa moja na nusu asubuhi maji nyuzi 5. Kila akirusha mara tatu nne, pete za fimbo zinaziba barafu, mshipi haupiti, anasimama anazibana pete kwa vidole moja moja barafu iyeyuke, vidole vyenyewe vimeshakufa ganzi hata fundo hawezi kufunga. Saa nne, nyuzi 6 na nusu, bado hajaguswa. Saa sita jua limeingia bondeni, 8. Saa saba na robo, 9 na kitu, wingu likatanda na mto ukafunguka mbele yetu kama mtu kawasha taa.

Waliotoka ni Baetis. Hawa ni wadudu wadogo, ndoano yake ni namba 18 hadi 22 (namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo), wanapanda toka chini wanakaa juu ya maji mabawa yamesimama, ukiwatazama kwa mbali unaona vingalawa vingi vimepandisha tanga vinashuka na mkondo. Siku ya jua kali wanakausha mabawa upesi na kuruka. Siku ya wingu na unyevu wanachelewa, wanasafiri mita nyingi juu ya maji, na trauti anakaa palepale anawaokota mmoja mmoja bila haraka. Kwa hiyo mgeni anayeniambia "hali ya hewa mbaya, tuahirishe" naye ananikosea vilevile, siku ya baridi na manyunyu ndo siku yenyewe. Yule bwana alipata saba kabla ya saa kumi jioni. Ile alfajiri yote alipata mafua.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nikiacha hapa nitakuwa nimekudanganya. Mito haifanani. Firehole, kule ndani ya hifadhi ya Yellowstone, unapata maji ya moto ya chemchemi, zikiwemo zile zinazorusha maji juu, kiangazi unachemka mpaka haufai, vuli unakuwa mzuri, na asubuhi yake haina ubaridi wa Gallatin. (Vuli ya huku ni majani kupukutika, wala si mvua za Oktoba za nyumbani.) Halafu kuna trauti wa kahawia wakubwa wanaopanda kutoka ziwa Hebgen kuingia mto Madison kwenda kuzaa. Hao hawapendi mwanga, wanatembea gizagiza, na nimewapata kabla jua halijatoka maji yakiwa baridi kabisa, flai ya kuiga samaki mdogo, mvuto mmoja mkali karibu mkono uchomoke. Kwa nini anapiga wakati maji yanasema asipige? Wengi watakwambia ni hasira ya kulinda eneo. Mimi sijaridhika na jibu hilo, kwa sababu nimepata wengine bado wako mbali na sehemu ya kuzalia na tumboni wamejaa chakula. Ila wakishafika kwenye changarawe uache. Ukiona kipande cha changarawe kimesafishwa kimekuwa cheupe katikati ya mawe ya kijani, kile ni kiota, usirushe, na usipite na mabuti yako, chini ya unyayo kuna mayai.

Ziwani nitasema kwa kifupi. Kiangazi maji ya juu yana joto, trauti wakubwa wako chini. Usiku wa baridi ukishapoza maji ya juu yanazama, ziwa linachanganyika, siku chache maji yanachafuka na uvuvi unakufa, halafu samaki wanasogea maji mafupi kando kando na unaweza kuwafikia ukiwa umesimama nchi kavu. Hapo nako saa zangu ni za mchana, upepo ukikubali.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Seattle, nimekujibu kwenye simu na narudia hapa. Alhamisi lala, kunywa chai, kula mayai, tukutane darajani saa tatu na nusu asubuhi, nitapima maji mbele yako. Ijumaa ukitaka wale wa Madison, sawa, hiyo moja nitaamka.