Mapinduzi: Kimepinduliwa Nini?

Jumatano moja mwishoni mwa Agosti 2023, kijiweni kwetu simu ilipita mkono kwa mkono juu ya vikombe vya kahawa. Kwenye kioo walionekana wanajeshi wa Gabon, mmoja wao anasoma tamko: matokeo ya uchaguzi yamefutwa, mipaka imefungwa. Rais Ali Bongo alikuwa ametangazwa mshindi muda mfupi tu uliopita. Kijana mmoja wa bodaboda akapiga paja lake. "Mapinduzi hayo! Kama ya Ufaransa kabisa!"

Kahawa ikanipalia. Mwezi mmoja kabla, jeshi lilipotwaa madaraka Niger na watu wakasema mapinduzi, nilinyamaza. Mali na Burkina Faso nilinyamaza pia. Lakini "kama ya Ufaransa" ilinishinda.

Maana yenyewe haina urefu. Mapinduzi ni kupinduliwa kwa utaratibu mzima wa jamii, yaani nani anamiliki, nani anatawala na nani anamtumikia nani, tena kwa kasi, kiasi kwamba aliyezaliwa chini ya utaratibu mmoja anakomaa chini ya mwingine. Rais kutolewa kwenye kiti na mlinzi wake mwenyewe ni kutwaliwa kwa madaraka. Basi. Mengine yote yamo ndani ya neno lenyewe, na neno hili lina mambo.

Shina ni pinda. Tunapinda nguo tukapata upindo, tunapinda mgongo kwenye palizi, na kuna upinde wa mshale na upinde wa mvua. Ukitia -u- unapata pindua, na hapo kuna kioja. Kwa kawaida -u- hiyo hutengua tendo: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua. Kwa hesabu hiyo pindua ingekuwa kukinyoosha kilichopinda. Wapi! Kilichopinduliwa hakinyooki, kinalala kichwa chini miguu juu.

Zamani kulikuwa na l pale katikati, pindula. Kiswahili kikaimeza, ila haikufa. Ndiyo maana rais hapinduiwi, hupinduliwa. Na l hiyohiyo ikikutana na i ya kuundia jina hugeuka z, kama lea ilivyotupa malezi na pokea ikatupa mapokezi. Hivyo ndivyo tulivyopata mapinduzi, neno la wingi lisilo na umoja. Hakuna anayesema "pinduzi moja".

Sasa mlinganishe na jirani yake, geuza. Chapati kwenye kikaango hugeuzwa: upande ulioiva unakuja juu, lakini chapati ni ileile, kikaango kilekile na mpishi yuleyule. Mashua hupinduka. Ikipinduka mlingoti unatazama chini, ndoo na nyavu zinaelea, nahodha na kijana wa kufua maji wameng'ang'ania mkuku mmoja, na kwa muda huo hakuna nahodha. Hiyo ndiyo tofauti ya mageuzi na mapinduzi, na wavuvi waliijua kabla ya wanasiasa. (Wanasiasa nao walituchekesha. Tanzania iliporudi kwenye vyama vingi mwaka 1992, chama kilichokuwa kikitawala tangu 1977 jina lake lilikuwa la Mapinduzi, na mmoja wa wapinzani wake wakubwa akajiita Mageuzi. Aliyekaa kitini anapindua, anayekitaka anageuza.)

Watangazaji wa mpira siwagusi. Timu ikitoka nyuma mabao mawili ikashinda matatu, wanasema "imepindua meza". Refa ni yuleyule na dakika ni zilezile 90, lakini mpira una ruhusa zake. Kila Januari Zanzibar kuna Kombe la Mapinduzi, na meza hupinduliwa humo bila mtu kuumia.

Lugha nyingine nazo zilihangaika na jambo hili. Waarabu wana maneno mawili. Inqilab linatokana na q-l-b, kugeuza juu chini, yaani pindua yetu kabisa, na kwao siku hizi ndilo jina la jeshi kutwaa madaraka. Ule mtikisiko wa watu wenyewe wanauita thawra, wenye shina la kutibuka na kuhamaki, na kutokana na herufi hizohizo wanamwita fahali thawr. Ndiyo maana Wamisri waligombana vikali mwaka 2013 kama Rais Mursi aliondolewa kwa thawra au kwa inqilab. Kuchagua neno kulikuwa kuchagua upande. Vuka bahari uende kwa Wairani: inqilab hiyohiyo kwao ndilo jina la heshima, la 1979 dhidi ya Shah. Warusi wana perevorot, nalo ni la kupindua, na Wabolsheviki wenyewe, chama cha Lenin, mwanzoni hawakuona haya kuyaita hivyo ya Oktoba 1917. Baadaye wakapendelea neno la Kilatini, kwa kuwa lilisikika kubwa zaidi.

Hilo la Kilatini, revolutio, maana yake ya kwanza ni kuzunguka na kurudi ulikoanzia. Copernicus alilitumia mwaka 1543 kwenye jina la kitabu chake kuhusu mizunguko ya sayari. Waingereza wa karne ya 17 walipolipeleka kwenye siasa walikuwa na wazo la kurudi: mfalme kurudi, sheria za zamani kurudi. Ni baada ya Ufaransa ya 1789 ndipo lilipokubalika kuwa neno la kwenda mbele bila kurudi. Sisi hatukuhitaji safari hiyo ndefu. Mashua iliyopinduka hairudi yenyewe.

Tatizo letu ni jingine. Wafaransa wana neno moja kwa 1789 na jingine kabisa kwa siku ya Novemba 1799 ambapo Jenerali Napoleon Bonaparte aliingiza askari bungeni na kujifanya mtawala. Sisi yote mawili tunayaita mapinduzi. Jaribu kuandika: "Mapinduzi ya 1789 yalimalizwa na mapinduzi ya 1799." Mwanafunzi atafikiri umekosea mwaka.

Na kosa haliko kwenye neno, liko kwenye sarufi tunayoisahau. Kupindua ni kitenzi kinachodai yambwa, yaani kile kinachotendwa. Huwezi kusema "amepindua" ukanyamaza, mtu atakuuliza amepindua nini. Tukishaunda jina, mapinduzi, yambwa inamezwa na hakuna anayeuliza tena. Irudishe uone. Walimpindua rais: -m-, ya mtu mmoja. Waliupindua utaratibu: -u-, ya nchi nzima. Herufi moja hiyo imebeba maktaba.

Tuipeleke Ufaransa. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 bunge lilianza kufuta haki za kimwinyi, zile zilizomfanya mkulima alipe ushuru kwa bwana kwa sababu tu ya kuzaliwa alikozaliwa. Mfalme alikuwa bado yupo kitini. Alikatwa kichwa Januari 1793, zaidi ya miaka mitatu baadaye. Yaani mapinduzi yalianza kabla mtu hajapinduliwa. Ndiyo maana nilipaliwa. Gabon ilikuwa kinyume: mtu alitoka siku ileile, na mengine yakasubiri.

Aliyemtoa, Jenerali Brice Oligui Nguema, alikuwa mkuu wa kikosi cha kumlinda, na zamani aliwahi kuwa mpambe wa Omar Bongo, baba yake Ali. Ukoo huo ulikuwa umetawala tangu 1967. Watu wa Libreville walicheza barabarani na furaha yao naielewa, miaka 56 si mchezo. Aprili 2025 Oligui akachaguliwa kuwa rais kwa zaidi ya asilimia 90 ya kura. Basi sema wamempindua Bongo. Kwamba wameipindua Gabon, sijaona.

Furaha ya barabarani si kipimo. Kampala nao walishangilia Januari 1971, Idi Amin alipomwondoa Obote aliyekuwa Singapore mkutanoni. Kilichofuata Waganda wanakijua kuliko mimi.

Cha ajabu, tukio hilo ndilo lililotupa maelezo bora ya neno hili kwa Kiswahili. Wiki chache baadaye TANU ilitoa Mwongozo wake wa 1971, na ndani yake mapinduzi yakaelezwa kuwa ni mabadiliko ya haraka yanayowanyang'anya wachache madaraka waliyokuwa wakiyatumia kwa faida yao na kuyatia mikononi mwa wengi. Kinyume chake kikaelezwa pia: mabadiliko ya haraka vilevile, lakini yanayowapora wengi na kuwapa wachache. Kasi ni moja, mavazi ni yaleyale ya kijeshi, yambwa ndiyo tofauti. Miaka zaidi ya hamsini imepita na bado tunabishana kijiweni kama hakuna aliyewahi kuandika. (Wafanyakazi wa viwandani waliusoma Mwongozo kwa makini kuliko mabosi wao. Kile kifungu cha 15 kinachokataza viongozi kuwa na majivuno na uonevu walikibeba kwenye migomo.)

Ukitaka mfano usio na ubishi, nenda Haiti. Agosti 1791 watumwa wa koloni la Saint-Domingue, karibu nusu milioni, walianza kuchoma mashamba ya miwa yaliyowatajirisha Wafaransa. Tarehe 1 Januari 1804 kiongozi wao, Dessalines, alitangaza nchi huru. Kilichopinduka hapo si gavana. Watu waliokuwa wakiandikwa kwenye vitabu vya mali pamoja na ng'ombe walikuwa sasa wenye nchi, na katiba ya 1805 ikasema Wahaiti wote, bila kujali rangi zao, wataitwa weusi. Lakini hata pale si kila kitu kilipinduka. Toussaint Louverture, aliyewaongoza kabla ya Dessalines, aliwalazimisha waliokuwa watumwa kubaki kwenye mashamba yaleyale, safari hii kwa ujira, huku askari wakisimamia. Na mwaka 1825 Ufaransa ilileta meli za kivita ikadai faranga milioni 150, fidia ya mali iliyopotea. Na katika mali hiyo walihesabiwa wao wenyewe.

Kuna pia yanayoanza kama jambo moja yakaishia kuwa jingine. Maofisa wa Misri walipomwondoa Mfalme Farouk Julai 1952, wenyewe waliyaita tu "harakati". Mnamo Septemba wakatoa sheria kwamba mtu asimiliki zaidi ya fedani 200 za ardhi (fedani moja inakaribia eka moja), na kuanzia hapo neno thawra lilikuwa na miguu ya kusimamia.

Zanzibar siwezi kuikwepa, maana wengi wetu neno tulijifunzia kwake. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, watu wengi wao wakiwa na mapanga na marungu walivamia vituo vya polisi na kuteka silaha. Sultani Jamshid akapanda meli. Usiku ule pekee ungeweza kuitwa kutwaa madaraka. Lakini ukoo uliotawala zaidi ya karne haukurudi tena, ardhi ikataifishwa, na familia zilizokuwa zikilima kwa ruhusa ya mwenye mashamba zikagawiwa eka tatu tatu. Kwa kipimo cha yambwa, yalikuwa mapinduzi. Na katika siku zilezile maelfu waliuawa kwa asili zao, wengine wakakimbilia Oman, Dubai na Uingereza, na wapo wanaoyaita mavamizi mpaka leo. Siwasahihishi. Neno mapinduzi linataja kilichopinduliwa, halina kazi ya kumsifu aliyepindua, na aliyekuwa ndani ya mashua ana haki ya kuisimulia ajali kwa jina lake.

Kwa hiyo yule kijana sikumkatalia neno lake. Nilimwambia, "Mdogo wangu, ongeza herufi moja tu. Usiseme wamefanya mapinduzi, sema wamempindua." Akanitazama. "Mzee, si ni kitu kilekile?" Nikamuuliza kama kesho mafuta ya Gabon yatakuwa na mwenyewe mwingine. Akafikiri kidogo, akairudisha simu kwa mwenyewe, akasema, "Basi wamempindua. Tungojee hayo mapinduzi."