Komondor au Kuvasz? Mengi unayosikia ni ya kuangalia picha tu

Ile picha ya Komondor, mbwa mweupe mwenye rasta mpaka chini, haiishi kuzunguka kwenye simu za watu, na kila ikipita lazima atokee mtu wa kusema huyo ndo namtaka getini kwangu, mwingine anamjibu achana naye chukua Kuvasz, mweupe vilevile na hana mambo mengi. Wote wawili asili yao Hungaria, wote walinzi wa mifugo, na wote ni adimu hata hukohuko Ulaya. Ila mengi wanayosemewa hayapo.

"Zile rasta ni uchafu, huyo mbwa hajaoga." Hapana. Komondor ana manyoya ya tabaka mbili, ya juu magumu ya ndani laini, yakikua yanasokotana yenyewe. Mtoto anazaliwa na manyoya laini ya kujikunja tu, rasta zinaanza kujifunga akikaribia mwaka, na hapo ndo kazi inapoanza maana usipokaa chini ukazichambua kwa vidole, moja moja mpaka kwenye ngozi, zinashikana zote zinakuwa bonge moja. Brashi haipiti humo. Kumuogesha sio ishu, ishu ni kumkausha: unakamua kwa taulo, unamuwashia feni, na bado anaweza kumaliza siku nzima au mbili ana unyevu kwa ndani, na zikibaki mbichi zinanuka ukungu. Sasa mfikirie mtu wa Tanga au Mombasa mwezi wa nne, hata nguo kwenye kamba hazikauki. Kumnyoa inawezekana na wapo wanaonyoa, ila kama ulimtakia rasta basi umebaki na jibwa jeupe la kawaida.

Na zile rasta sio urembo, zilikuwa zinamkinga na meno ya mbwa mwitu pamoja na baridi ya kule nyandani.

"Basi Kuvasz ndo rahisi." Nusu ukweli. Tope likimkaukia linapukutika lenyewe, ukimpiga brashi mara mbili tatu kwa wiki anang'aa. Lakini anamwaga manyoya, yaani anamwaga kweli, na kuna misimu utayakuta kwenye kochi, kwenye suruali nyeusi ya kazini, mpaka kwenye chai. Komondor yeye karibu hamwagi. Kwa hiyo hapo unachagua tu, unataka kuchosha vidole au kuchosha ufagio.

"Ni mbwa wa kuchunga, atakuwa msikivu." Hapa watu wanachanganya kazi mbili. Kule Hungaria wa kuswaga kondoo ni Puli, mdogo na mwepesi, yeye ndo anamsikiliza mchungaji. Komondor na Kuvasz kazi yao ni kukaa na kundi na kuzuia kinachokuja kulila, usiku mchungaji kalala, hakuna wa kuwapa amri, wanaamua wenyewe. Miaka ya 1970 watafiti wa Marekani waliwajaribu Komondor kwenye mashamba ya kondoo dhidi ya koyoti, jamii ya mbwa mwitu wadogo wa kule Amerika, na hasara ikapungua. Kichwa hichohicho ndo unakileta nyumbani: unamuita, anakuangalia, anapima kama kuna sababu, akiona ipo anakuja. Aliyezoea Jemani shepadi anaweza kudhani mbwa kiziwi.

"Lazima umfunge ili awe mkali." Hii ndo mbaya kuliko zote na kwetu tunaiamini mno, mtoto wa mbwa anafungiwa bandani mchana kutwa asizoee watu, alafu getini kibao cha MBWA MKALI. Sasa dume la Komondor ni kilo 50 hadi 60, Kuvasz dume naye kati ya 48 na 62, na ulinzi wanazaliwa nao, humfundishi. Cha kumfundisha ni kinyume chake, kwamba fundi bomba, bodaboda, shangazi aliyekuja na mizigo, wote hao sio adui, na hilo analijua akiwa mdogo, akishafika miaka miwili ukubwa umeshamkaa umechelewa. Kuvasz hasa, anashikamana na familia kiasi kwamba watoto wako wakipigana mieleka na binamu zao uani anaweza kuingilia kati akidhani mwanao anaumizwa. Hana nia mbaya, anafanya kazi yake, ila wewe uwepo. Na ukimchapa ndo unamharibu, huyu anaumia hata kwa kukaripiwa.

Komondor mchana utamuona kalala kama dekio limetupwa kibarazani, usidanganyike, usiku anazunguka uzio na anabweka. Jirani atakuja kugonga.

"Kuvasz ni mbwa wa kifalme, wa kukaa sebuleni." Mfalme Mátyás, aliyetawala Hungaria 1458 hadi 1490, kweli aliwafuga, lakini kwa kuwinda na kumlinda. Na Vita vya Pili vya Dunia karibu viwamalize kwa sababu hiyohiyo ya ulinzi, wanajeshi wakiingia kwenye nyumba za watu mbwa hawakubali, wakapigwa risasi, mbegu ikabidi ijengwe upya kutoka kwa wachache waliobaki. Adimu pia haimaanishi afya ya chuma, wote wawili wanasumbuliwa na nyonga na tumbo kujaa gesi na kujipindua, kwa hiyo mlo mkubwa mmoja alafu akimbizwe hapana.

Mimi ukiniuliza, nyumba yenye watoto na uwanja wa kutosha nachukua Kuvasz, shamba lenye mbuzi na mtu mwenye subira ya kuchambua rasta nachukua Komondor. Kiwanja cha 20 kwa 20 chenye jirani ukutani, hakuna hata mmoja, mbwa wa kienyeji aliyechanjwa na kushiba anakutosha kabisa.

Kwa anayetaka kununua: ukiletewa picha ya "Komondor" mweusi huyo ni Puli, Komondor ni mweupe tu. Na ukiambiwa kana miezi miwili na rasta tayari zinafika chini, usitume hela.