Kustahimili ukame si kutohitaji maji

Juzi, kwenye duka la pembejeo, mama mmoja alikuwa ameshika mfuko wa kilo 2 wa mbegu ya mahindi, anaugeuzageuza kutafuta maelezo. Muuzaji, kijana mwenye haraka zake, akamwambia: "Chukua hiyo mama, inastahimili ukame. Hata mvua isiponyesha unavuna." Mama akalipa, akaondoka. Mimi nilinyamaza, na hilo linanikera mpaka leo.

Maana yenyewe ni fupi. Mbegu inayostahimili ukame ni ile ambayo maji yakipungua, mavuno yake hushuka kidogo kuliko ya mbegu nyingine. Yanashuka, ila si sana.

Neno lenyewe lingetosha kutuonya. Stahimili limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa kubeba, ule ule uliotupa himili, mhimili na hamali, mchukuzi wa bandarini. Hamali akijitwisha gunia, gunia halijapotea. Magoti yake yanalijua. Ukimwongezea la pili na la tatu, ataanguka. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba hamali ni mtu asiyeelemewa.

Halafu kuna kukwepa, ambako watu hukuita kustahimili. Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa Kenya miaka ya 1960, sifa yake kubwa ni kukomaa mapema, yanamaliza shughuli kabla mvua haijakatika. Huko ni kukimbia mzigo. Mtama ndio unaoubeba: hukunja majani, una nta inayozuia maji kupotea, na kiangazi kikibana huweza kusimama kukua, kisha ukaendelea mvua ikirudi.

Mahindi hayana subira hiyo, hasa yanapotoa mbelewele (maua ya juu yenye chavua) na ndevu. Kila uzi wa ndevu unakwenda kwenye punje yake moja. Ukame huchelewesha ndevu, zikitokeza zinakuta chavua imekwisha kumwagika. Menya hindi la shamba hilo uone: gunzi lina mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Mbegu nzuri hupunguza siku za kupishana huko, haileti maji. Na joto nalo linapanda. Uchambuzi wa majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi Afrika, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba kila nyuzi moja ya joto juu ya 30 za Selsiasi, kwa siku moja, hupunguza mavuno kwa asilimia 1 hata mvua ikitosha, na asilimia 1.7 penye ukame.

Tena hapo tunahesabu magunia tu. Hindi lililoteswa na jua na wadudu hushikwa kirahisi na kuvu wanaotoa sumukuvu (aflatoksini) lingali shambani, na likihifadhiwa bichi mambo huharibika zaidi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo mbegu ikistahimili, bado kuna kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai na kukausha vizuri.

Nikimkuta tena yule kijana nitamwomba abadilishe sentensi moja tu: "Mama, mvua ikikatika wiki mbili, hii inaweza kukubakizia kitu." Nadhani angeuza vilevile.