Mfuko wa Kahawia Juu ya Mkarakati: Maisha ya Nondo wa Hariri ya Mwitu

Wakazi wa kandokando ya misitu ya magharibi mwa Kenya hutuuliza mara kwa mara: ule mfuko wa kahawia ulioganda kwenye tawi la mkarakati ni ugonjwa wa mti, ni kiota cha nyigu, au kuna mtu ameutundika? Wengine huuchoma kwanza, wakauliza baadaye. Ni nyumba ya viwavi, imefumwa kwa hariri tupu.

Nondo anayehusika huitwa kitaalamu Anaphe panda. Yumo katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, na hapa Kenya anajulikana sana katika msitu wa Kakamega. Akiwa mpevu ni mweupe wa maziwa, mbawa zake zina michirizi ya hudhurungi, na mwili umejaa manyoya. Wachache humwona, kwa kuwa huruka usiku na huishi siku chache tu. Katika siku hizo hali chochote. Akiba yote aliiweka mwilini alipokuwa kiwavi, na sasa kazi yake ni kutafuta mwenzi na kutaga.

Jike hutaga mayai mengi kwa fungu moja, upande wa chini wa jani la mkarakati, mti ambao wataalamu huuita Bridelia micrantha. Kisha hufanya jambo ambalo mimi hulistaajabia kuliko hata hariri yenyewe: hubandua manyoya ya ncha ya mkia wake na kuyafunika mayai yote, yasionekane. Baada ya hapo hana tena la kuwafanyia wanawe.

Viwavi wakianguliwa hawatawanyiki. Hula pamoja, hupumzika pamoja, na wanapohama tawi hujipanga msafara, kichwa cha huyu kikigusa mkia wa aliye mbele yake, huku wakiacha nyuzi za hariri njiani. Msafara huo ukishuka kwenye shina, ukiutazama kwa mbali utadhani ni kamba inayotambaa. Majani huisha kweli, na mwenye mti huingiwa na hofu, lakini mkarakati wenye afya huchipua tena.

Baada ya miezi kama mitatu au minne huanza kufuma, wote kwa pamoja. Kata kiota kilichohamwa uone kazi yao. Nje kuna hariri iliyolegea. Chini yake tabaka gumu lililoshikana, ambalo kisu butu hakiliwezi. Na ndani kabisa vifukofuko vimebanana, kila kiwavi na chake. Kiota kimoja kinaweza kuwa na makumi ya vifukofuko, pengine mamia. Humo viwavi hugeuka pupa, yaani hatua ya kati ya kiwavi na nondo, na kukaa miezi kadhaa kabla ya nondo kutoka.

Tafadhali usikishike kiota kwa mikono mitupu, hata kikiwa kikavu. Vinyweleo vya viwavi hawa huvunjika na kujichoma kwenye ngozi, na hubaki ndani ya kiota muda mrefu baada ya wenyewe kuondoka. Vikikupata, usijikune wala kusugua. Bandika utepe wa gundi na kuubandua ili uvitoe, kisha osha kwa maji na sabuni. Vikiingia machoni, suuza kwa maji mengi safi na uende kituo cha afya bila kuchelewa.

Kuna jamii zinazokula wadudu wa ukoo huu. Huko magharibi mwa Nigeria, ulaji wa ndugu yake, Anaphe venata, umehusishwa na ugonjwa wa kuyumbayumba unaozuka msimu wa mvua. Mdudu huyo ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na walioathirika zaidi ni watu ambao mlo wao ni wanga mtupu. Kwa hiyo simshauri mtu kumfanya kitoweo.

Hariri ya nondo wa ukoo huu ndiyo yenye faida. Wayoruba waliitumia tangu zamani kufuma kitambaa cha fahari kiitwacho sanyan. Huwezi kuikunjua kama uzi mmoja mrefu, maana wafumaji walikuwa wengi na nyuzi zao zimeingiliana. Huchemshwa kwa magadi ili gundi itoke, kisha husokotwa kama pamba. Karibu na Kakamega, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kimefanya kazi na wanakijiji kuwalinda viwavi wachanga kwa kuwafunika na vyandarua kwenye matawi. Wadudu vimelea, chungu na ndege huwamaliza wengi, na wavu hupunguza hasara hiyo.

Anayetaka kuvuna na asubiri nondo watoke. Utajua wametoka ukiona kiota kimetoboka. Vaa glavu na miwani, funika pua, kata kijitawi chenye kiota peke yake na uuache mti umesimama, kwa sababu jike wa msimu ujao atatafuta jani lake.